Upande wa Nyuma wa Fomu

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumatatu tarehe 27 Oktoba, namba kwenye skrini ya Arlena Stidham ilikuwa 733. Ilitakiwa iwe 744.

Arlena alikuwa ofisa wa kompyuta wa wilaya ya elimu ya Tolliver, milimani mashariki mwa Kentucky: shule tatu, wanafunzi 1,240. Wakfu wa Pellbrook ulikuwa ukitoa ruzuku ya kompyuta na laini ya mtandao kwa wilaya zenye umaskini mkubwa, na kwao umaskini mkubwa ulianzia pale asilimia sitini ya wanafunzi wanapostahili chakula cha bure au cha bei nafuu shuleni. Asilimia sitini ya 1,240 ni 744. Wilaya yenye 743 haikuwa maskini vya kutosha. Hesabu ilitakiwa kutumwa kabla ya Ijumaa, saa kumi na moja jioni.

Mwalimu wa hisabati wa shule ya upili alihamia Tennessee mwezi Machi, ambako walimwongezea dola elfu tisa kwa mwaka, na nafasi yake haikuombwa na mtu. Tangu Agosti, wanafunzi kumi na wanne wa mwaka wa mwisho walikuwa wakisoma hisabati ya juu kwa mwalimu aliyekaa Lexington, kupitia skrini, kwa laini ya kukodi. Mkataba wa laini ungekwisha Desemba 19. Bila ruzuku somo lingeishia hapo, na hakuna chuo cha uhandisi kinachopokea nusu ya somo. Arlena ndiye aliyelianzisha. Alikuwa amewaandikia wazazi kumi na wanne, kwa sahihi yake, kwamba litafika Mei.

Alitumia asubuhi nzima kusoma fomu zilizokataliwa. Nyingi zilikataliwa kwa haki. Watoto kumi na mmoja, wa nyumba tano, hakuelewa kwa nini walikataliwa. Nyumba hizo alizijua kwa macho. Hakuna hata moja iliyoingiza dola 5,640 kwa mwezi, ambacho ndicho kiwango cha juu kwa kaya ya watu watano kustahili. Lakini kwenye kisanduku cha mapato mengine kila moja ilikuwa imeandika maelfu, na maelfu hayo yalikuwa ya Septemba.

Ilikuwa jinseng, mzizi wa dawa wa msituni unaonunuliwa kwa bei kubwa. Msimu wa kuchimba mizizi hufunguliwa Septemba mosi, na wengine huiuza mibichi wiki hiyo hiyo kwa sababu madaftari na viatu vya shule havingoji ikauke. Fomu iliuliza mapato ya mwezi uliopita. Watu wakajibu. Kompyuta ikachukua jibu na kuzidisha kwa kumi na mbili, kana kwamba kuna mtu anayechimba jinseng Januari kwenye theluji. Wangeweza kuiacha hela hiyo bila kuiandika. Lakini kwetu mchimbaji husaini daftari la mnunuzi kila anapouza, na mtu aliyesaini kitu mahali pamoja haandiki kingine mahali pengine.

Arlena alikumbuka kwamba fomu ilikuwa na maelezo kwa ajili ya watu hao hao: aya ya nne, upande wa nyuma. Mwenye kipato cha msimu aandike jumla ya mwaka. Aliigeuza fomu ya kwanza. Nyuma ilikuwa nyeupe. Akageuza ya pili, na ya tatu, kisha akafungua makabati na kugeuza fungu zima. Fomu 1,104, zote nyeupe nyuma.

Agosti mashine ya fotokopi ilikuwa ikikwama kila ilipoambiwa ichape pande mbili. Barua pepe ya kuagiza upande mmoja tu uchapwe ilitumwa Agosti 6. Aliyeituma ni yeye.

Mkurugenzi wa wilaya, Royce Gayheart, alikuwa kocha wa mpira wa kikapu kwa miaka kumi na tisa kabla ya kupata cheo hicho, na bado alizungumza na watu wazima kama wamekaa benchi.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

"Wewe."

"Basi tuishie hapo. Nenda kwenye nyumba hizo tano, waambie wamekosea, wajaze upya. Watu wanakosea fomu kila siku."

"Hawakukosea. Wamejibu walichoulizwa."

"Arlena. Ukisema karatasi ilikuwa nusu, zote elfu moja mia moja na nne ni nusu. Pellbrook watauliza kwa nini wahesabu hata moja. Umeelewa, au nichore ubaoni?"

"Nimeelewa."

"Na aliyechapa nusu ni nani?"

Arlena alizikusanya fomu tano.

"Nilidhani hivyo," alisema Gayheart. "Wamekosea. Kaseme hivyo."

Kufikia Jumatano jioni nyumba nne zilikuwa zimesaini. Hakuna aliyemkaribisha ndani. Mmoja alisaini juu ya boneti ya gari huku injini inaunguruma. Oma Deaton, mama wa watoto watatu, alimwacha amesimama barazani kwenye manyunyu, akaichukua fomu kupitia mlango wa wavu na kuirudisha kupitia mlango wa wavu.

"Mwaka juzi mlisema tunaficha," alisema. "Mwaka huu tumezidisha. Mwakani mtasema nini, kwamba hatupo?"

"Ni marekebisho tu, Bi Oma."

"Shangazi yako nilimjua; yeye angekuja angefuta miguu kwanza. Kalamu hiyo ni yangu, irudishe."

Namba ilikuwa 741. Nyumba ya tano ilikuwa ya Denzil Amburgey, na Denzil alikuwa na watoto watatu shuleni. Wawili walikuwa shule ya msingi. Mkubwa, Marlee, alikuwa mmoja wa wale kumi na wanne.

Alhamisi, saa kumi na robo alasiri, Arlena alimkuta Denzil nyuma ya gari lake la mizigo, mwisho wa bonde, akiosha mizizi kwa mpira wa maji. Aliyafungua maji kidogo tu na hakutumia brashi. Mzizi uliosuguliwa hupoteza bei. Alikuwa dereva wa lori la kokoto. Hakuyafunga maji wala hakuinua kichwa.

"Bi mkubwa wa kompyuta," alisema. "Umepotea?"

"Sijapotea. Nimeleta fomu ya chakula."

"Nilishajaza."

"Ulijaza vibaya."

Mpira wa maji ulibaki pale pale, ukimwaga juu ya mzizi mmoja.

"Rudia."

"Uliandika hela ya jinseng kama mshahara wa kila mwezi. Inabidi uandike ya mwaka."

"Niliandika nilichopata Septemba. Karatasi iliuliza Septemba. Mtu akiniuliza saa ngapi simwambii wiki ijayo."

"Imeleta shida kwenye hesabu, bwana Denzil. Ni sahihi moja tu."

"Sahihi moja tu." Alimtazama sasa. "Shemeji yangu Nadine ulimwandikia barua mwaka jana. Aliandika elfu mbili, mkakuta elfu mbili mia tatu, mkamlipisha chakula cha watoto cha miezi minne. Aliyeandika pungufu mlimwadhibu. Mimi nimeandika yote, sasa naambiwa nipunguze. Nyinyi mna akili ya namna gani pale ofisini?"

"Fomu za kukaguliwa huchaguliwa na kompyuta. Sikumchagua mimi."

"Na kompyuta ni ya nani?"

Arlena aliweka ubao wa kuandikia juu ya ukingo wa gari. Viatu vyake vilikuwa vimeshaanza kuloa, maana Denzil alikuwa ameyaelekeza maji upande wake, si kwa wingi, ila vya kutosha.

"Tumebakiza watoto watatu," alisema. "Watatu hao ni wako. Ruzuku isipopatikana, somo la Marlee linafungwa Desemba."

"Usimfanye mwanangu kamba ya kunivutia."

"Nakwambia ilivyo."

"Basi niambie ilivyo yote. Leta."

Denzil alifuta mikono kwenye suruali, akaichukua fomu, akaisoma upande wa mbele kwa utulivu wa mtu anayesoma risiti. Kisha akaigeuza.

"Hii ina maandishi nyuma."

Denzil aliinua macho.

"Ya Agosti haikuwa nayo. Najua, kwa sababu niliandika orodha ya mbao nyuma yake, mke wangu Sharla akanigombeza, ikabidi tuombe nyingine. Nayo ilikuwa tupu." Aliisoma aya ya nne, kidole kikifuata mstari. "Mwenye kipato cha msimu. Kwa hiyo maelezo yalikuwepo."

"Yalikuwepo."

"Kosa la nani?"

"La ofisi."

"Ofisi haina mikono. Nani?"

"Mimi."

"Ulipofika ulisema langu."

"Ndiyo."

"Umekuja kwangu, ukasimama kwenye maji yangu, ukanidanganya usoni."

"Ndiyo."

Denzil aliyafunga maji. Aliweka fomu juu ya ubao, bila sahihi, na kuuweka mzizi mmoja juu yake isipeperuke. Alama ya tope ilibaki kwenye karatasi.

"Daftari la mnunuzi, Hobart Fugate, lina jina langu na dola 3,140 za Septemba," alisema. "Nikisaini hii yako, siku moja mtu wa kompyuta ataweka karatasi mbili pamoja. Septemba nilisema hivi, Oktoba nikasema vile. Mwongo atakuwa mimi, kama Nadine. Nataka iwepo ya tatu. Andika kilichotokea, nani alifanya, weka sahihi. Kesho ni siku ya kuuza. Uje dukani kwa Hobart uisome mbele ya watu. Nakala moja yangu. Nyingine iende na hesabu yenu huko mnakoomba hela."

"Ya pili siwezi. Wakiisoma wanaweza kukataa zote."

"Basi kumbe unajua zote ni mbovu."

"Najua kilichokosekana. Kama zinakuwa mbovu, hilo wataamua wao."

"Wape waamue."

"Na wakikataa? Marlee?"

"Marlee ni mtoto wangu. Nitamwambia mwenyewe baba yake alifanya nini na kwa nini. Wewe utawaambia nini wale kumi na watatu?"

Usiku huo Arlena aliusoma mwongozo wa Pellbrook kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa thelathini na sita. Hapakuwa na neno lolote juu ya fomu iliyochapwa upande mmoja. Ukurasa wa kumi na tisa ulisema mwombaji aambatishe maelezo yoyote yanayohusu namna hesabu ilivyopatikana. Haukusema nini kitatokea akiyaambatisha, wala asipoyaambatisha.

Ijumaa saa mbili asubuhi aliingia kwa Gayheart na karatasi yenye mistari mitano. Gayheart aliisoma amesimama.

"Hapana."

"Bila hii Amburgey hasaini."

"Tafuta watoto watatu wengine."

"Nimetafuta wiki nzima. Hawapo."

"Watu elfu moja mia mbili na arobaini, wote tunajua ni maskini, na wewe huwezi kupata watatu?"

"Siwezi kupata watatu wa kubuni."

"Sikusema kubuni."

"Basi umesema nini, Royce?"

Gayheart aliikunja karatasi mara mbili na kuisukuma mezani kuelekea kwake kama mtu anayerudisha chenji isiyotosha.

"Ulichapa nusu kwa sababu mashine ilikwama. Sasa unataka wilaya nzima ivuliwe nguo mbele ya matajiri wa Pellbrook huko Louisville ili dhamiri yako ilale vizuri. Somo hilo ni lako, ahadi ni yako, kosa ni lako. Ukiisaini hiyo, ofisi hii usiihesabu kuwa yako."

"Hesabu inatumwa kwa jina langu. Sahihi yangu ndiyo inayosema ni ya kweli."

"Nimemaliza kuongea."

Duka la Hobart Fugate hununua jinseng, ngozi za wanyama na kokwa za miti ya jozi, na siku ya Ijumaa huwa na watu. Saa saba na dakika ishirini mchana walikuwemo wanaume tisa na wanawake wawili, mizani juu ya kaunta, na sufuria ya maharage kwenye jiko la kuni. Denzil alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakusimama.

"Huyu hapa," alisema. "Soma."

Arlena alisoma. Kwamba Agosti 6 yeye, Arlena Stidham, aliagiza fomu ya chakula ichapwe upande wa mbele tu. Kwamba maelezo ya kipato cha msimu yalikuwa upande wa nyuma. Kwamba kaya tano zilizoandika mauzo ya Septemba zilijibu kwa usahihi swali zililoulizwa. Kwamba kaya hizo zote tano ziliambiwa na yeye kuwa zimekosea, na kauli hiyo haikuwa ya kweli. Kwamba kasoro hiyo imo kwenye fomu zote 1,104.

"Sauti," alisema mtu karibu na jiko. "Huku tunasikia maharage tu."

Akasoma tena, kwa sauti zaidi.

"Ana shahada ngapi huyu?" aliuliza mmoja.

"Mbili," alijibu Hobart bila kuacha kupima. "Moja ya mbele, moja ya nyuma. Ya nyuma hawakuchapa."

Walicheka. Arlena alingoja wamalize. Mume wa Oma Deaton, mtu mrefu aliyekuwa hajacheka, aliivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa.

"Kwa hiyo sisi hatukukosea," alisema.

"Hamkukosea."

"Oma hakukufungulia mlango."

"Hakunifungulia."

"Nitamwambia alifanya vizuri."

Denzil alidai nakala mbili, akazilinganisha neno kwa neno, akaikunja moja na kuitia mfuko wa shati. Kisha akaomba fomu mpya. Aliisoma upande wa nyuma wote, mpaka anwani ya mchapishaji. Mshahara wa lori, 2,860 mara kumi na mbili. Jinseng ya Septemba, 3,140.

"Na Novemba nitauza mikavu," alisema.

"Hiyo bado hujaipata."

"Nitaipata. Andika elfu nne."

"Kadiria unavyoamini wewe. Andika mwenyewe."

"Nakadiria elfu nne. Sitaki mtu aje Januari kunifundisha kuhesabu."

Jumla ilikuwa dola 41,460, chini sana ya kiwango cha mwaka. Arlena alikuwa amejua tangu Jumatatu kwamba ingekuwa hivyo. Denzil aliishika kalamu muda, akaandika jina lake lote, pamoja na la katikati.

"Usinishukuru," alisema. "Na nyumbani kwangu usirudi. Ukiwa na barua, ipe posta."

"Nitaipa posta."

"Hobart, pima yangu."

Saa kumi na dakika ishirini na tano Arlena alirudi ofisini. Aliingiza fomu ya Amburgey. Namba ikawa 744. Alipiga picha karatasi ya mistari mitano, akaiambatisha, akairudia kusoma. Gayheart alikuwa amesimama mlangoni, koti mkononi.

"Umeiweka?"

"Nimeiweka."

"Itoe. Una zile namba zako. Amburgey hatajua."

"Mimi nitajua. Na ukurasa wa kumi na tisa unaitaka."

"Nakwambia itoe."

"Umesharudia mara mbili, nimesikia zote."

Arlena alibonyeza kitufe cha kutuma. Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini na sita. Skrini ilijibu kwamba maombi yamepokelewa, pamoja na kiambatisho kimoja. Gayheart alivaa koti lake, akazima taa ya chumba Arlena akiwa bado yumo, na kuondoka.

Jumatatu, tarehe 3 Novemba, Arlena alikuta barua juu ya kiti. Alikuwa amehamishiwa karakana ya mabasi, kupanga zamu za madereva, mshahara ule ule hadi Juni. Sababu iliyoandikwa ilikuwa mahitaji ya wilaya. Kwenye karakana palikuwa na meza, simu, hita ya gesi na kompyuta ya zamani. Madereva hawakumsemesha wiki ya kwanza. Wiki ya pili mmoja alimletea ratiba ya njia ya Buckeye na kumuuliza kama angependa kuisoma pande zote mbili.

Ijumaa, tarehe 21 Novemba, saa nne na dakika kumi na tano asubuhi, katibu wa Gayheart alipiga simu karakana kuomba basi la siku ya Jumanne. Wageni wa Pellbrook wangekuja kupiga picha. Hivyo ndivyo Arlena alivyojua kwamba ruzuku imepatikana.

Hakuna aliyekuwa amekumbuka kumfutia nywila. Aliingia kwenye ukurasa wa maombi kwa kompyuta ya karakana. Wilaya ya Tolliver: inastahili. Wanafunzi wenye sifa, 744 kati ya 1,240. Laini na vifaa kuwekwa kabla ya Desemba 15. Msimamizi wa mradi: Royce Gayheart. Chini kabisa palikuwa na orodha ya nyaraka zilizotumwa, na mbele ya kila moja tarehe ilipofunguliwa na wakaguzi. Jedwali la hesabu lilifunguliwa Novemba 6, kisha Novemba 12. Mbele ya kiambatisho palikuwa na mstari mfupi, bila tarehe: hakuna aliyekifungua.

Arlena aliuchapa ukurasa huo. Alikuwa akiusubiri utoke kwenye mashine wakati skrini ilipobadilika na kumtaka aingize nywila upya. Aliiingiza. Ilikataliwa: sasa mtu alikuwa amekumbuka. Ilikuwa saa nne na dakika thelathini na moja.